Vidole vya Ndeshi na Ndama wa Tatu

Jumatano ya kwanza ya likizo ya Juni, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa kidato cha pili, nilikalishwa kwenye benchi nje ya chumba namba nne cha kliniki ya watoto, Moshi mjini, nikapewa kazi ya kuwauliza watu wazima kuhusu choo cha watoto wao. Ndipo ilipoanza. Saa naikumbuka kwa sababu ilikuwa ukutani mbele yangu, na mimi nilikuwa naiangalia ili nisimwangalie mtu.

Jana wamenistaafisha. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na utaratibu wa kliniki ni kwamba mwelimishaji rika akifika hapo awapishe wadogo. Karani wetu alistaafu akiwa na sitini, akalia mbele za watu. Mimi nilikunywa soda mbili nikaangalia chini. Nesi Felista, aliyenilea kwenye hii kazi, akasema, "Haika, wewe kuongea huwezi, basi andika. Waachie wenzako." Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mtakaokaa kwenye lile benchi. Mambo ya cheti na posho nayaruka. Cheti kiko kabatini kwa shangazi, na posho ilikuwa nauli.

Kwa wasionijua: nilizaliwa na VVU. Ndani ya geti la kliniki kila mtu anajua. Nje ya geti alikuwa anajua shangazi peke yake, ambaye nakaa kwake Old Moshi.

Siku ya kwanza nilimuuliza mama mmoja swali langu kwa sauti ndogo mpaka akadhani naomba kupita. Akasogeza miguu. Nikapita kweli, nikazunguka jengo lote nikarudi. Nesi Felista alikuwa ananiona dirishani. Aliniita akaniambia, "Sikiliza. Mama anadanganya, bibi anadanganya, hata wewe unadanganya ukiulizwa kama umemeza dawa. Choo hakijui kudanganya. Uliza choo."

Vifaa vyangu vilikuwa jagi la lita moja, pakiti za ORS, kijiko, na kalenda ya ukutani niliyoibandua jikoni kwa shangazi. Kalenda ndiyo kifaa. Kila mlezi nilimwomba aweke kidole kwenye siku mtoto alipoanza kuharisha, halafu namrudisha nyuma: wiki ile iliyotangulia, nini kilibadilika nyumbani? Amehamia nani, mmekula nini, maji mlichota wapi? Watu hawakumbuki sababu, ila siku wanazikumbuka.

Msifanye kosa nililofanya mimi mwaka mzima, la kudhani kwamba mtoto mwenye VVU akiharisha basi ni VVU. Mara nyingine ni hivyo, dawa hazimezwi na kinga imeanguka. Mara nyingine ni dawa yenyewe, hasa mtoto akibadilishiwa. Mara nyingine ni kuhara kulekule kwa watoto wote wa mtaani, maana na wetu ni watoto wa mtaani. Kuna lishe, kuna kifua kikuu. Na kuna maji. Mtaa wa Pasua nilimkuta mama anayechemsha maji kila siku kwa mkaa mpaka yanapiga kelele, halafu kwa kuwa mtoto ana kiu, anayapooza kwa kuongeza kikombe cha maji ya bomba. Alikuwa ananionyesha kwa fahari. Nilikaa pale nusu saa natafuta namna ya kumwambia, mwishowe nikamwandikia kwenye karatasi. Alisoma, akajipiga kipaji cha uso, akacheka mpaka majirani wakaja. Hiyo ndiyo kesi yangu rahisi kuliko zote.

Sasa ile ngumu.

Ndeshi alikuwa na miaka sita nilipomwona mara ya kwanza. Alikuja na bibi yake kutoka Old Moshi, juu ya kwetu kidogo, ndani kwenye migomba. Mama yake alishafariki. Faili lake lilikuwa zuri: dawa anameza, wingi wa virusi uko chini kabisa. Lakini uzito unashuka, na kuhara kunakuja, kunakaa wiki mbili tatu, kunaondoka, halafu mwaka unaofuata kunarudi. Choo kilipimwa kwa darubini mara mbili, karatasi ikarudi imeandikwa hakuna kilichoonekana. Nesi Felista aliligonga faili kwa kalamu. "Faili linasema mzima. Mtoto anasema anakufa."

Bibi akiwa ndani, Ndeshi aliachwa na mimi kwenye benchi. Sisi wawili tulikuwa hodari wa kunyamaza. Nilipojikaza nikamuuliza, "Tumbo linauma?"

"La kwangu limeacha," akasema. "La kwake bado."

"La nani?"

"La mdogo wangu. Ni ndama. Bibi ndiye alimwita mdogo wangu."

Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani, akasema taratibu, "Ameanguka."

Niliangalia saa, kama kawaida yangu. Saa tano na dakika tano.

Mwezi uliofuata Bibi alisimulia mbele yangu kwamba siku ile wakiwa kliniki ndama alikufa. Jirani aliyekuwa anapeleka majani ndiye aliyemwona akianguka, asubuhi, kabla jua halijafika kichwani. Nilimwambia Nesi Felista. Akasema watoto husema mengi, sisi tunakumbuka yale yanayolingana. Labda. Mimi nimeandika nilichosikia na saa niliyoiona, zaidi ya hapo sina maelezo.

Ndama aliyefuata alizaliwa Novemba ya mwaka uliofuata. Sikujua. Nilikuwa nimetoka kumaliza mtihani wa mwisho, nimelala mchana kama paka, Nesi Felista akanipigia. "Ndeshi alikuwa aje Jumatatu, leo Alhamisi hajaonekana. Simu ya bibi haipatikani. Wewe ndiye uko karibu. Kaangalie tu, uniambie."

Nilivaa gauni la kwaya. Shikeni hili: mkienda nyumbani kwa mtu msivae fulana ya kliniki. Fulana ile inaongea kwa sauti kuliko mimi.

Nilifika saa tisa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, ungedhani jua limeshazama. Matone yanadondoka kwenye majani, mfongo, ule mfereji wa shambani, unapita pembeni na maji yake, na hakuna kuku, hakuna redio, hakuna mtu. Nikapiga hodi. Nikapiga tena kwa sauti ambayo kwangu mimi ni kubwa. Kimya. Nikaingia kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kwa kuzunguka nyumba.

Kaburi la mama yake Ndeshi liko hapohapo, kama makaburi yetu yote, limejengewa saruji na kuzungushiwa masale, ile mimea yetu ya makaburini. Pembeni yake nikaona vilima viwili vidogo vya udongo. Vidogo vya kutosha mtoto. Kimoja kimeshafunikwa na majani, kingine nusu tu. Na juu ya saruji ya mama, katikati kabisa, ilikuwa imesimamishwa chupa nyeupe ya dawa. Naijua ile chupa. Nami ninayo ya aina hiyo chini ya mto. Ilikuwa imelowa umande na kifuniko kimefungwa vizuri, kama mtu aliyeiweka alitaka ikutwe salama.

Ndipo nikasikia ile sauti. Ilitoka kwenye banda lililoungana na ukuta wa nyumba. Ni sauti ya kunyonya, nzito, yenye mate, inaacha kidogo, inaanza tena. Na juu yake sauti nyembamba ya mtoto: "Nyonya. Nyonya. Usiogope, nyonya."

Nawaambia ukweli, nilitaka kurudi nyumbani. Miguu ndiyo iliyokataa, siyo ujasiri.

Nilichungulia. Ndeshi alikuwa amepiga magoti kwenye samadi mbele ya ndama mwekundu, mkono wake umezama mdomoni mwa yule ndama mpaka kwenye kifundo. Wote wawili walikuwa wamefumba macho. Alikuwa anaushusha mkono polepole, na kichwa cha ndama kinaufuata, mpaka mkono na mdomo vikaingia pamoja kwenye ndoo ya maziwa. Kwa nyinyi msiofuga: ng'ombe wa ndani, ndama wake hatumwachi kwa mama, anafundishwa kunywa kwenye ndoo. Unamnyonyesha vidole viwili vilivyochovywa maziwa, unashuka navyo mpaka anajikuta anakunywa. Kila nyumba inafanya hivyo. Hata mimi nimefanya. Lakini sikuwahi kuona wanafanana hivi. Ndama mbavu nje, Ndeshi mbavu nje. Macho ya ndama yamedidimia, ya Ndeshi yamedidimia. Mkia wa ndama na miguu ya nyuma vimeganda kinyesi cha njano, na kwenye gauni la Ndeshi, nyuma, kulikuwa na doa.

Akafungua macho akaniangalia bila kushtuka. "Nilijua unakuja," akasema. Akatoa mkono, akaufuta kwenye gauni, akachukua ndizi mbivu iliyokuwa kwenye ubao, akaimenya kwa vidole vilevile, akala.

"Nani huyo?" Bibi alikuwa nyuma yangu na mzigo wa majani kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Haika, bibi. Wa kliniki. Nakaa kwa shangazi hapo chini."

"Yule asiyeongea?"

"Ndiyo, bibi."

"Na leo umetumwa kuongea. Mae! Kliniki imeishiwa watu."

Alitua majani. Nilimuuliza kuhusu chupa, lakini macho yangu yalikwenda kwenye vile vilima, naye akayafuata.

"Hao ni ndama," akasema. "Sikutaka mbwa wawale. Ng'ombe ni wa mama yake, alimnunua kwa kahawa yake ya mwisho. Sasa nisikilize wewe uliyesoma. Kila ng'ombe akizaa, ndama hamalizi wiki bila kuanza kuharisha. Ndeshi anafuata, baada ya siku saba, nane. Nimehesabu. Ndama wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Huyu wa tatu hivyohivyo. Na kila safari mtoto anarudi mwembamba zaidi. Mwenye mali anakusanya mali yake, mwanangu. Ng'ombe wake, mtoto wake."

"Na dawa, bibi?"

"Nimemrudishia mama yake jana. Yeye ndiye aliyeanza kuzimeza. Kesho saa mbili baba mkubwa wa huyu anakuja na pikipiki tumpeleke kwa mtumishi wa Mungu mmoja, wa maombi, kule njia ya Holili. Amesema mtoto aje bila dawa, na asirudi nazo." Akanitazama. "Unataka kulia?"

"Hapana, bibi."

"Mbona unatetemeka?"

"Ni baridi, bibi."

Haikuwa baridi. Ilikuwa ile hesabu. Siku saba, nane. Miaka miwili nilikuwa napitisha vidole vya watu kwenye kalenda, na huyu bibi asiye na kalenda alikuwa ameona vizuri kuliko kliniki nzima. Kilichokuwa kinamtisha kilikuwa kweli. Ndama na mtoto walikuwa wamefungwa pamoja, nami nilikuwa nimetoka kuona walipofungwa.

"Bibi, Ndeshi alianza kumfundisha ndama tangu yupi?"

"Wa kwanza. Mimi na mikono hii?" Akainyoosha. Viungo vimevimba, vidole vimekakamaa vimegeukia upande mmoja kama vinapepewa na upepo.

Nilimuuliza Bibi kama mtoto bado anatoa machozi na kukojoa, kisha nikaomba ruhusa nikapandisha mpaka penye mti wa kahawa wa mpakani mwa shamba, ambako simu yangu inashika, nikampigia Nesi Felista. Nilimweleza haraka mpaka nikashangaa sauti yangu.

"Rudia," akasema. "Vidole mdomoni? Halafu akala?"

"Ndizi."

Nikasikia anavuta kiti. Halafu akanieleza, nami nawaelezea kama alivyosema. Kuna kijidudu kinachowaharisha ndama kwenye wiki zao za kwanza. Kinatoka na kinyesi kwa wingi wa ajabu, kinakaa mdomoni, kwenye ndoo, kwenye manyoya. Mtu mwenye kinga nzuri akikipata anaharisha siku chache anasahau. Mtoto ambaye kinga yake iliwahi kuanguka na bado inajijenga, kinamkausha. Kwa darubini ya kawaida hakionekani mpaka choo kipakwe rangi maalumu, ndiyo maana karatasi zilirudi tupu. Dawa ya klorini ya maji hakiiogopi. Kinaogopa maji yanayochemka, na kwenye mikono kinaondoka kwa sabuni na maji mengi. "Siapi kwamba ndicho," akasema. "Choo chake kitapimwa kwa rangi, tutajua. Lakini mkono wa huyo mtoto usirudi mdomoni mwa ndama. Na dawa ameacha tangu lini?"

"Jana."

"Analia machozi? Anakojoa?"

"Ndiyo."

"Basi muda upo. Mnyweshe ORS kidogokidogo, na kesho aje kwangu, siyo Holili. Akilegea au akakataa kunywa, usingoje kesho. Haika, usimgombeze bibi."

Mimi kumgombeza mtu!

Nilirudi nikamwambia Bibi yote, kwa maneno madogo. Alikuwa amekaa kwenye kigogo, Ndeshi ameegemea goti lake. Nilipomaliza aliangalia vile vilima.

"Kwa hiyo si mama yake," akasema. "Ni mimi niliyempeleka bandani."

"Bibi, hukujua. Hata sisi hatukujua."

"Ndiyo. Lakini ni mimi." Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana. Mnasema hivyo ili mnichukulie mtoto. Na ndama asipofundishwa si atakufa? Huyu wa tatu akifa, nani atamzuia mama yake asimchukue mtoto?" Akaisukuma ndoo mbele yangu kwa mguu. "Kama ni vidole tu, haya, tia vya kwako. Mkono wako mzima, wewe msichana wa mtihani. Mfundishe wewe, nione kama mwenye mali hatakasirika."

Ndama alikuwa amesogeza pua kwenye upenyo wa mbao. Ndeshi alikuwa ananiangalia, vidole vyake vinakunjuka na kujikunja juu ya goti, kwa mwendo uleule wa kunyonya, na sidhani kama alijua.

Nyinyi mtafundishwa kwamba hakuna anayeweza kuwalazimisha kusema hali yenu. Ni kweli. Mimi sikulazimishwa. Nilifikiria tu kwamba nikidanganya kwa sababu nyingine yoyote, yule bibi ataisikia.

"Siwezi, bibi," nikasema. "Na mimi niko kama Ndeshi. Nilizaliwa hivi."

Matone yalidondoka. Kule bandani ndama aliacha kupumua kwa kelele, au mimi niliacha kusikia.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Unameza?"

"Kila siku, bibi. Saa moja asubuhi."

"Mama yako?"

"Alishafariki."

Bibi aliinama, akashusha sauti kama mtu anayeuliza siri chafu. "Hajawahi kukuita?"

Hilo swali hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata kwenye ushauri nasaha. "Nilimngoja, bibi," nikasema. "Nilipokuwa mdogo nilimngoja sana. Hakuja."

Bibi aliniangalia uso mzima, kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali nilipochanwa. Kisha akasimama, akaenda jikoni, akaniletea sufuria ya maji yaliyochemka na sabuni ya kufulia. Hakusema neno juu ya kesho.

Nilimwosha Ndeshi mikono mpaka maji yakawa meupe. Maji mengine yalipopoa, yapoe yenyewe, nilichanganya ORS kwa jinsi pakiti ilivyoandikwa, nikamnywesha kwa kijiko, kijiko kimoja, tunangoja, kijiko kingine. Ukungu ulizidi na njia ikawa utelezi, Bibi akasema binti wa watu hatoki hapa. Nikarudi penye ule mti wa kahawa nikampigia shangazi. Tulilala watatu kitanda kimoja, na upande wa pili wa mbao nilimsikia ndama anapumua. Ndeshi alikuwa anapumua pamoja naye, pumzi kwa pumzi. Nilijaribu kupumua tofauti na wao nikashindwa.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Bibi hakuwepo kitandani. Ukungu ulikuwa bado mlangoni. Ndeshi aliketi ghafla, macho wazi. "Ananiita," akasema. Mimi sikusikia kitu. Nikahesabu kimoyomoyo, sijui kwa nini, na nilipofika nne ndama akalia.

Bibi akaingia kutoka nje. Mkono mmoja alikuwa na ile chupa nyeupe, ina maji ya umande na vipande vya jani la sale. Akaifuta kwa kanga yake, akaiweka mezani karibu na kikombe, bila kunitazama. "Baba mkubwa akija, mwambie anatupeleka mjini," akasema. Halafu akakunja mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko, akachovya vile vidole vyake vilivyopinda kwenye ndoo ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa, akauma meno.

"Mshike," akaniambia.

Akatoka na ndoo. Ndama alilia tena, kwa nguvu, na Ndeshi akaruka kuelekea mlangoni. Nikamshika mikono yote miwili. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu lakini alivuta kuliko nilivyotegemea, analia, anasema ndama hajui kunyonya kwa Bibi, anamtaka yeye, ataanguka. Vidole vyake vilikuwa vinachezacheza ndani ya viganja vyangu. Nilipiga magoti nikavifumba vyote kumi, nikambana mikono kifuani kwangu, tukangoja hivyo mpaka kule bandani ikaanza kusikika sauti ya kunyonya.